Maharage Yaliyovuliwa Nguo

Mjukuu wangu Akello,

Sisi huku Luzira wazima, na babu yako ameanza tena kutembea hadi sokoni. Umeuliza kama kweli chakula kinaweza kulisaidia ini lako lenye mafuta. Kinaweza.

Nilipokuwa msichana, jirani yetu Mganda alinifundisha kumenya maharage ganda moja moja, kwa heshima ya mgeni. Shangazi yangu wa Gulu alipoandaliwa maharage hayo, alicheka: "Mmeyavua nguo! Sasa tumbo litafanya kazi gani?"

Nilipokuja kufundisha biolojia nilimwelewa. Nyuzinyuzi za ganda hatuwezi kuzisaga, lakini vijidudu vyema vya utumbo huzila, na kazi yao hulipunguzia ini mzigo. Ini likiwahiwa hupona. Mfuate daktari, na maharage uyale pamoja na maganda yake. Anza kidogo kidogo, maana tumbo lisilozoea hulalamika mbele za watu.

Bibi yako