Jibu Lako la Swali la Kumi na Nne

Mama,

Mwanao Kamau hajui kwamba ninakuandikia. Hatujaongea tangu wiki iliyopita. Nitakueleza kwa nini, lakini lazima nianzie ile Jumapili niliyokuja Molo na tableti ya kazi.

Nilikueleza kwamba tunafanya utafiti: tunawatembelea wazee, tunawauliza nani anawapikia, nani anawaogesha, ili serikali ipange jinsi ya kuwatunza. Ulicheka. Ukasema, "Kumbe siku hizi kuna watu wa kuuliza hayo." Mkubwa wangu wa kazi alitaka tuyajaribu maswali kwa mtu wa nyumbani kabla ya kwenda kwa wazee wa Keringet. Nilikuchagua wewe kwa sababu nilikuwa sijakuona tangu Krismasi.

Ulijibu vizuri, mikono umeiweka magotini kama uko kanisani. Tukafika swali la kumi na nne, kama kuna wakati unafungiwa ndani.

"Kila siku," ulisema. "Wakienda shambani wananifungia na kufuli mpaka warudi."

Kamau alikuwa mlangoni anavua viatu vyake vya gambuti. Aliniambia wewe ukisikia, "Mathe anachanganyikiwa. Jana ameniambia Baba amekuja kunywa chai." Baba tulimzika miaka tisa iliyopita.

Nikabonyeza Hapana.

Ukaniuliza, "Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Asante. Sasa watajua."

Miezi miwili baadaye ulianguka jikoni. Mama Njoki, jirani, alikusikia ukiita tangu saa nne asubuhi. Hakuja dirishani mpaka saa tisa alasiri, kwa sababu ulikuwa ukiita kila siku naye alikuwa amezoea. Akakuona chini kwenye simiti, mguu umepinda, na mlango una kufuli kwa nje. Simu ya Kamau ilikuwa imezimwa. Akakurushia blanketi kati ya vyuma vya dirisha, halikukufikia. Alipompata mtu wa kuvunja kufuli, jua lilikuwa limeshuka, na baridi ya Molo unaijua. Hospitalini ulimaliza siku nne.

Haya Mama Njoki aliniambia baada ya mazishi. Siku ya mazishi yenyewe nilisimama mbele ya watu nikasema ulitunzwa vizuri. Walipiga makofi.

Nilipojua, nilienda kwa mkubwa wangu nikakiri kwamba niliandika uongo kwenye fomu yako. Alinipa pole. Akasema fomu zile za majaribio zilifutwa zote kabla ya kazi kuanza, hakuna aliyezisoma. "Haikuharibu chochote," akasema. Mama, alidhani ananifariji.

Wiki iliyopita nikapanda Molo. Kamau alikuwa anachagua viazi uani. Nilimwambia amekuua. Nilimwambia hivyo hivyo, bila hata kumsalimia.

Hakukasirika. Aliendelea na viazi vyake kidogo, kisha akasema, "Mara mbili alipatikana barabarani katikati ya malori, anatafuta shule ili akatuchukue. Mara mbili nikamrudisha nimemshika mkono. Nilikupigia nikakuomba umchukue, hata mwezi mmoja. Ulinijibu nini?"

Nilikuwa nimemjibu kwamba nyumba yangu ni ndogo. Ina vyumba viwili vya kulala, Mama. Kimoja naanikia nguo wakati wa mvua.

Nikarudi kwangu Nakuru.

Kwa hivyo nikuambie ukweli wa ile Jumapili, maana hakuna mwingine anayestahili kuambiwa kwanza. Si Kamau aliyenipotosha. Sikumwamini hata kidogo. Nilikuamini wewe, tangu ulipotaja kufuli. Lakini kama ningeonyesha kwamba nimekuamini, ningelazimika kuondoka na wewe jioni ile, na Jumatatu nilikuwa na safari ya Keringet kuwauliza wazee wa watu wengine wanatunzwaje.

Dada zako wanasema Kamau ndiye aliyekuua. Mke wake hasalimiwi tena kanisani. Nimewasikia miezi yote hii, na nimewaacha waseme, hata nimelia pamoja nao.

Jumapili wanakutana Bahati kwa dada yako, Tata Wairimu. Nakuahidi nitasimama, Kamau akiwepo, niwaambie nilichosikia kinywani mwako na nilichofanya. Baada ya hapo najua hakuna mlango wa kwenu utakaonifungukia.

Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe haraka sana, na ungeniuliza kama nimekula.

Kwaheri, Mama.

Wambui wako