Panueni Kisanduku

Jumatatu, 15 Septemba
Umeme umerudi saa nne. Nimeendelea kutafsiri maonyo ya upepo, ile programu ya wavuvi wa ziwa. Tatizo lile lile: kisanduku cha maneno kwenye skrini kimepimwa kwa Kiingereza, Kiswahili hakienei. Mwisho unakatwa. Denis, bosi wetu wa Dar, ameandika: fupisha. Nimejibu: panueni kisanduku. Amenitumia kidole gumba. Nimechukia.

Jumatano, 17 Septemba
Nimemtumia Denis picha ya skrini ya simu yangu ndogo. Onyo zima ni "Mnaweza kuingia ziwani upepo ukishatulia." Kinachoonekana: "Mnaweza kuingia ziwani." Basi. Kinyume kabisa.
Nilitaka kuutanguliza upepo kwenye sentensi. Haiwezekani, mashine inaunganisha vipande kwa mpangilio wa Kiingereza. Denis anasema wavuvi watagusa wasome zaidi, na kwamba sisi wa Mpanda tunakuza mambo. Eti Kiswahili kina maneno marefu. Kina maneno yake. Nani kamwambia yanapunguzwa kama suruali?

Ijumaa, 19 Septemba
Programu imezinduliwa vilevile. Wenzangu wamepongezana kwenye kundi la kazi. Mimi sijampongeza mtu.

Jumapili, 21 Septemba
Dada Sesilia katuma sauti kutoka Ikola, ufukweni mwa ziwa. Analia. Shemeji Yohana aliingia ziwani jana jioni kuvua dagaa. Upepo umevuma usiku kucha na hajarudi. "Mdogo wangu, simu ilisema mnaweza. Si ndiyo kazi yenu hiyo?"
Ndiyo kazi yetu. Nimeisikiliza sauti yake tena. Halafu hasira zikaja, na afadhali zimekuja.
Nimeingia kwenye mfumo nikafuta maonyo yote ya Kiswahili. Nimeweka neno moja linaloenea kwenye simu yoyote: MSIINGIE. Sijaomba ruhusa. Denis kapiga, anasema nimevuka mipaka, nirudishe au nikatafute kazi nyingine. Nimemwambia sirudishi ng'o mpaka kisanduku kipanuke. Anifukuze. Nilikuwa naishi kabla yake.
Yohana bado.

Jumatatu, 22 Septemba
Amepatikana. Upepo uliwasukuma mpaka Kapalamsenga, yeye na wenzake wawili. Wazima. Mtumbwi umepasuka, nyavu zimekwenda na maji. Sasa ndiyo nimelia.
Nimemtumia Denis ile sauti ya Sesilia, bila maelezo. Alama za buluu zinaonyesha kaisikiliza.

Ijumaa, 26 Septemba
Kazi bado ninayo. Hakuna aliyesema samahani, wala sikungoja. Kisanduku kimepanuliwa, na Kiswahili sasa kinajipanga chenyewe. Denis analalamika kwamba Kiingereza kinapwaya humo ndani, kama mtoto ndani ya koti la baba yake. Kitazoea.
Jioni shemeji kapiga. Kanisomea onyo la leo polepole, neno kwa neno, upepo ukiwa wa kwanza, mpaka nukta. Nikamuuliza yuko wapi.
Nyumbani, shemeji. Anashona nyavu za kuazima. Anasubiri upepo utulie.