MITUNGI MINNE YA HAJI ATWA

KAMATI YA KUZUIA KIPINDUPINDU, KAFR NAKHLA

Kumbukumbu za kikao cha tatu kilichofanyika Jumatano, tarehe 15 Oktoba 1947, katika darasa la pili la shule ya kijiji (imefungwa hadi amri nyingine), kuanzia saa kumi na robo alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Haji Atwa Abu Kamar, mfanyabiashara wa pamba – Mwenyekiti
2. Usta Bayumi Khalaf, kinyozi mwenye leseni ya serikali ya kuchanja watu na kuandikisha vifo – Mjumbe
3. Sitti Zannuba Imbabi, mkunga – Mjumbe
4. Aziz Efendi Girgis, mwalimu – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Sheikh Abdulghaffar, imamu. Udhuru ulipokelewa: alikuwa akiosha maiti.

KUMB. NA. 1/3/47: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao na kuwataka wajumbe wawe wepesi. Wajumbe walikaa kila mmoja dawati lake bila kupeana mikono. Sitti Zannuba alichagua dawati la mlangoni na kuuliza kama kikao kitachukua muda mrefu. Alijibiwa kwamba hakitachukua. Baadaye aliuliza tena mara tatu. Katibu hakuona haja ya kuandika kila mara.

KUMB. NA. 2/3/47: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Mwenyekiti alidai kwamba neno "ukaidi" lililoandikwa kumhusu liondolewe. Usta Bayumi alisema libaki, maana lilisemwa, tena na yeye. Lilibaki.

KUMB. NA. 3/3/47: HALI YA UGONJWA
Usta Bayumi alisoma daftari lake. Tangu Ijumaa wameugua watu kumi na mmoja na wamekufa wanne. Tisa kati ya wote ni wa kichochoro kimoja, kile kinachopita mbele ya nyumba ya Mwenyekiti. Wanaoteka kwenye pampu ya serikali hajaugua hata mmoja. Mwenyekiti alieleza kwamba watu wa kichochoro hicho wanakula matikiti bila kuosha. Usta Bayumi alijibu kwamba matikiti yanaliwa kijiji kizima.

Katibu alihesabu majina yale upya, kwa kuwa sita ni wanafunzi wake. Hesabu ilikuwa ileile.

KUMB. NA. 4/3/47: MITUNGI YA MAJI YA SADAKA
Usta Bayumi alipendekeza mitungi minne iliyopo kwenye kibaraza cha Mwenyekiti, ambayo mpita njia yeyote hunywa maji yake kwa kikombe kimoja cha bati kilichofungwa mnyororo, ivunjwe leo. Aliomba pia Mwenyekiti akiachie kiti kwa ajenda hii. Mwenyekiti hakukiachia.

Mwenyekiti alieleza kwamba maji yake yanatoka mferejini, ndiyo, lakini kila asubuhi anaisugua mitungi kwa ndani kwa mbegu za tunda la aprikoti zilizopondwa, kama walivyofanya baba na babu yake, na tope lote linashuka chini. Alisema maji ya pampu yana ladha ya msumari na hata punda wake anayasusa.

"Tangu lini kinyozi akanifundisha maji?" aliuliza.

"Tangu uliponipa shingo yako niishikie wembe, Haji. Miaka ishirini sijakukata."

Ndipo Usta Bayumi akaweka glasi mbili juu ya meza ya mwalimu. Moja ilikuwa angavu kabisa. Nyingine ilikuwa na rangi ya chai iliyoungua. Aliwauliza wajumbe wangekunywa ipi. Wote, akiwemo Katibu, walionyesha ile angavu, na Mwenyekiti aliinyanyua ili ainywe mbele ya kamati kama ushahidi. Usta Bayumi alimshika mkono. Alieleza kwamba ile chafu ni maji ya mferejini aliyoyachemsha mwenyewe asubuhi, na ile angavu ameichota sasa hivi kibarazani kwa Haji, haijaona moto. Alisema mbegu za aprikoti zinashusha tope tu, ugonjwa unabaki humohumo, na kwamba kwa sababu maji yanapendeza watu wanakunywa mara mbili.

Katibu alitoa taarifa kwamba alikunywa vikombe viwili vya maji hayo ya kibarazani akija kikaoni. Usta Bayumi alimtazama Katibu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katibu anakiri kwamba aliogopa, na bado anaogopa wakati akiandika haya.

Sitti Zannuba alipendekeza mitungi isivunjwe, bali imwagwe na maji yawe yanachemshwa. Mwenyekiti alikataa yote mawili. Alisimama. Maneno yake yanaandikwa kama alivyoyasema:

"Binti yangu Ihsan alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Siku tatu aliniomba maji. Tuliambiwa mgonjwa wa homa hanyweshwi, nikamnyima, mimi baba yake, kwa mkono wangu. Tulipomzika nikaapa hakuna mtu atakayepita mlangoni kwangu na kiu. Ile mitungi ni yake, thawabu zinamwendea yeye. Leo mnakuja tena kuniambia nizuie maji."

Usta Bayumi alifunga daftari lake.

KUMB. NA. 5/3/47: MENGINEYO
Sitti Zannuba aliomba kusema. Mwenyekiti alimwambia mengineyo hakuna, kikao kimekwisha. Sitti Zannuba alibaki amesimama.

"Haji, mimi nimekula kiapo chako kwa nusu siku na kimenikaa kooni. Sema wewe, au nitasema mimi."

Mwenyekiti aliketi. Alieleza kwamba Fardos, mke wa mwanawe, anatapika na kuharisha tangu alfajiri. Amemfungia chumba cha juu. Alimwita Sitti Zannuba ili majirani wadhani ni mambo ya mimba, na akamwapisha asiseme, kwa kuwa hakutaka Fardos akatengwe kwenye mahema ya wagonjwa. Alieleza pia kwamba tangu asubuhi hajapewa tone la maji, maana kila alichokunywa alfajiri alikitoa.

Kisha Mwenyekiti alimgeukia Usta Bayumi na kuuliza, kwa sauti ambayo Katibu aliisikia kwa shida:

"Bayumi, huyu anaruhusiwa kunywa?"

"Anywe, Haji. Akitapika, anywe tena. Maji ndiyo yanayomtoka, maji ndiyo yatakayomrudisha. Ila yachemshwe."

Mwenyekiti alitoka bila kuvaa viatu. Sitti Zannuba na Usta Bayumi walimfuata. Katibu alibaki na makaratasi, na kupitia dirishani alisikia mitungi ikivunjwa, mmoja mmoja, yote minne.

KUMB. NA. 6/3/47: KUFUNGA KIKAO
Hapakuwa na mtu wa kufunga kikao. Katibu aliondoka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, baada ya kumwaga glasi zote mbili.

Sahihi ya Katibu: Aziz Girgis

Sahihi ya Mwenyekiti: haikupatikana. Karatasi haziruhusiwi kutoka kwenye mahema, ambako Haji Atwa aliingia na Fardos jioni ileile kwa hiari yake. Jumapili, tarehe 19, Katibu alimsomea kumbukumbu hizi akiwa nje ya uzio wa waya wa mahema. Fardos alikuwa hai, ameketi. Mwenyekiti alimtaka Katibu asome upesi kwa sababu ana maji motoni. Alizikubali zote, hata "ukaidi", akaomba aletewe vikombe thelathini, kila mgonjwa awe na chake.