Bomba Katika Picha ya Baba Mkwe

Jumatatu, 8 Julai 1974
Kahawa nimeanika mapema. Mugisha, mtoto wangu mchanga, hakulala usiku, nami sikulala. Nikifuta vumbi nimekuta picha nyuma ya ile ya Mama Maria: baba mkwe akiwa kijana, kaptula, miguu myembamba, huko Bama, ng'ambo ya bahari, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Amepiga goti, ameshika kitu. Si bunduki. Bomba fupi, nene, limesimama juu ya kibati, mdomo unatazama mbinguni. Kama mchi usio na kinu. Nimecheka peke yangu. Nikaiacha mezani.

Kosa langu.

Jumanne, 9 Julai
Balozi wa nyumba kumi alikuja kutukumbusha zamu ya shamba la ujamaa. Akaiona picha. "Mama Koku, hiki kitu kiko wapi sasa?" Amri ya kijiji: mwenye silaha aipeleke ofisini kabla ya Jumapili, la sivyo polisi watakuja kumchukua. Akaongeza kwamba Buganguzi nzima inajua Mzee hataki mtu afike kona ya chini ya kibanja chetu cha migomba. Kweli. Hufukuza hata kuku. Mimi nilidhani ni uzee tu. Je, amelifukia bomba hilo hapo? Watoto wangu hucheza hatua ishirini tu kutoka hapo! Baba yao yuko Mwanza masomoni. Niko peke yangu na jambo hili.

Jumatano, 10 Julai
Kwetu mkamwana hamhoji baba mkwe uso kwa uso. Nimemtuma Koku, ana miaka sita, mimi nikasimama nyuma ya mlango.
"Babu, mama anauliza hiki nini."
"Mwambie mama yako niliapa. Silaha za jeshi hazitajwi."
Nikamrudisha Koku: yule mfalme wa Waingereza aliyeapiwa ameshaondoka, sasa tuna Uhuru.
"Mfalme kaondoka na kofia yake. Kiapo kaniachia mimi."
Koku alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nimezungushia kona ile kamba ya mgomba. Atakayevuka, fimbo. Koku amelia. Na alie, mradi ana miguu yote miwili.

Ijumaa, 12 Julai
Basi la alfajiri kutoka Nshamba hadi mjini. Mugisha mgongoni, picha ndani ya daftari. Shangazi yangu wa Miembeni alinipeleka kwa fundi cherehani mmoja mzee, naye alikuwa Bama. Akavua miwani, akaisogeza picha hadi puani.
"Mwanangu, hii mota. Ile ndogo, inchi mbili. Unatia kombora mdomoni, unafyatua hapa chini, unamwomba Mungu."
Na kiapo? "Wengine tuliapa, tukakisahau melini."
Nikamuuliza lililonileta: mtu aliweza kurudi nayo nyumbani? Alicheka mpaka akakohoa. Silaha zilikaguliwa kila jioni, na siku ya kuagwa walipekuliwa hadi soksi. "Binti, hata kijiko sikurudi nacho."
Nililia mbele ya wateja wake. Uchovu.

Jumamosi, 13 Julai
Balozi amefika na jembe begani. Nimemtuma Koku: "Babu, mama anasema ni mota, inchi mbili." Mzee akacheka. Jina limetajwa na mwingine, kiapo chake kizima.
"Na kona, Tata?" Hilo nimeuliza mimi mwenyewe, uso kwa uso, nikimwita baba. Mila itanisamehe.
Mzee akatutangulia, akainama, akafunua majani makavu. Shimo. Mikungu mitatu ya ndizi za pombe, inaiva taratibu. Lubisi, pombe yetu ya ndizi! Mganga wa zahanati alimkataza pombe tangu Pasaka, na wa kumlinda asinywe ni mimi.
"Mzee, silaha hii kali," Balozi akasema. "Serikali itabidi iionje."
Nilikasirika kama nusu saa. Kisha nikatoa hukumu: kibuyu kidogo, Jumapili tu, mbele ya macho yangu.
"Mkamwana," Mzee akasema, "jeshini ungekuwa sajini."
Kamba nimeifungua.

Jumapili, 14 Julai
Tumetoka misa. Watoto wametawanyika kibanja chote, hadi migomba ya mwisho kule chini. Sikuwaita. Nimelaza kichwa mezani. Nikamsikia Mzee akiwaambia wapunguze kelele, mama yao amelala. Sikuwa nimelala bado. Nikalala.