Miji Minne Aliyoichagua Mama

Gimnyeong, Jeju
14 Oktoba

Kwako Kaka Gwang-su,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima huko Busan, na wifi mgongo wake umepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, ila tangu aache kuzamia kombe baharini mwezi wa sita hatulii: anaosha vyombo nilivyokwisha kuviosha, kisha anakwenda ufukweni kuwakosoa wazamiaji wenzake.

Kaka, Mama ametaka nimzungushe kisiwa kizima kwa barabara ya pwani. Nilifurahi. Miaka sabini na sita anajua kila jiwe chini ya maji ya hapa, lakini upande wa kusini hajauona. Nikaomba ruhusa ya siku tatu kazini, tukatandaza ramani sakafuni. Nilipomtajia Seongsan, kule watu wanakopanda kutazama macheo, alisema jua ameliona likichomoza maisha yake yote, tena bila kiingilio. Akachukua penseli, akazungushia Hallim, Moseulpo, Wimi na Pyoseon. Zote bandari tu. Hakuna poromoko la maji hata moja, wala mwamba wa kupigia picha. Nikamuuliza kwa nini hizo. Akanijibu kwamba kazi yangu ni usukani, macho ni yake.

Unanijua, jambo likinikereketa silali. Jumapili ya wiki jana nilimwambia ninakwenda harusini, kumbe naipeleleza njia. Hallim sikuona kitu ila barafu na samaki. Moseulpo nikaingia kula tambi, na mwenye duka aliposikia nimetoka Gimnyeong akacheka, akauliza sisi wa huko tuna nini, maana juzi bibi mmoja wa kwetu alimpigia simu kuulizia fundi wa mashine za boti asiye na kidole gumba cha kushoto.

Fundi huyo ni Baba. Mama, ambaye hajalitamka jina lake tangu atuache miaka ishirini na saba iliyopita, alikuwa akimtafuta bandari kwa bandari.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kwenye simu, habari za Baba zikianza tu, wewe hukata. Karatasi unaweza kuichana, lakini utakuwa umekwisha kuisoma. Kaka, mimi nilijua alipo. Miaka sita iliyopita nilikutana naye kituo cha basi cha Wimi, kashika mfuko wa machenza. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama umeoa. Aliniomba nisiwaambie, nikakubali, na kila mwezi nilimpelekea kopo la kimchi ya kabichi huku nikimwambia Mama nina mikutano. Februari mwaka huu moyo wake ulisimama. Nilimzika mimi na majirani zake, nikarudi nyumbani, nikala chakula cha jioni kama kawaida.

Jana asubuhi, tukimenya vitunguu saumu, nilimweleza Mama yote. Hakulia. Nilipomuuliza alitaka kumwambia nini, alisema, “Sikuwa na la kumwambia. Nilitaka nimwone tu, amekonda au amenenepa.”

Nikamjibu kwamba alikonda.

“Miaka sita,” alisema, “na unakula na mimi meza moja.”

Saa kumi alasiri alikuja na ramani akitaka nimwonyeshe kaburi. Nikamwekea kidole juu ya mashamba ya machenza, nyuma ya Wimi. Akauliza kama limezungushiwa ukuta wa mawe, kama ilivyo desturi yetu. Nikakiri kwamba halijazungushiwa. Ni tuta la udongo tu, upepo unalimega, na peke yangu sikuweza kujenga ukuta.

“Basi tutakaa Wimi siku zote tatu,” alisema. “Na hata hizo hazitoshi kwa wanawake wawili. Mwandikie kaka yako.”

Ndiyo maana nimeandika. Tunaondoka Alhamisi, tarehe 24. Kiti cha nyuma kina nafasi. Kama una hasira na Baba, au na mimi, njoo nayo. Mawe ya kule ni mazito, itatusaidia kuyanyanyua.

Msalimie sana wifi, umwambie mwani wake ninauanika. Mama hakutuma salamu. Ametuma glavu za kazi za saizi yako, nimeziweka ndani ya bahasha hii.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Myeong-hui