Sauti ya Bi-kiau

Jumamosi, 3 Machi 2018
Umepatikana! Viatu bado viko miguuni, naandika. Mkanda wa asili wa filamu ya “Binti wa Mashamba ya Chumvi” ulikuwa hapa hapa Tainan, kwenye stoo ya hekalu, nyuma ya ngoma zilizopasuka. Mwonyeshaji sinema wa zamani aliuacha, akafa. Rafiki yangu A-piau alipofungua kopo la kwanza, harufu ya siki ikatupiga puani — mkanda unaoza. Tukacheka kama wehu hata hivyo. Maana una Kitaiwani! Kopi zote zilizobaki zilibandikwa Kimandarini baadaye, kwa sauti ya mwanamke mwingine, mkavu kama msoma taarifa ya habari.

Mlinzi wa hekalu akasema tumwombe mungu ruhusa kwanza. Tukarusha vibao vya kumuuliza mungu, ndiyo au hapana. Hapana. Tena. Hapana. A-piau akampigia mungu magoti: “Babu, tukiutengeneza utauona wewe kwanza, hapa uani kwako.” Vibao vikakubali! Mlinzi akasema mungu huyu anapenda sinema kuliko ubani.

Mama alinipeleka kuiona filamu hii, kwa Kitaiwani, nikiwa mdogo. Aliuza maji ya miwa nje ya ukumbi. Siku hiyo akafunga biashara. Nilikaa mapajani pake. Alilia mpaka kola ya gauni langu ikalowa.

Jumatano, 7 Machi
Kwa Bi-kiau, nyota wa filamu yetu. Miaka themanini na kitu, lipstiki nyekundu vilevile. Saratani ilimla koo, wakamkata, sauti ikaenda — bintiye Siu-lan alikuwa bado anatambaa. Sasa ni Siu-lan anayemsoma midomo na kutuambia.

Tulimpa habari. Akatutazama, akaendelea kukata pera. Kisha kisu kikasimama.

Mlangoni Siu-lan akanishika mkono. “Mwalimu, mimi sijawahi kumsikia mama yangu. Ile ya Kimandarini nilikuwa naizima sauti.”



Jumapili, 15 Aprili
Wiki na wiki za pamba, dawa na subira. A-piau, ambaye kazini anapiga watu eksirei, anaushika mkanda kama kitoto kichanga. Na leo — sauti! Mikwaruzo kama dagaa wanakaangwa, na ndani yake Bi-kiau mwenyewe. Nzito kidogo, ya puani, lafudhi ya watu wa chumvini. “Unakula wali wangu halafu unaniringia?”

Siu-lan akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasema, “Kumbe alikuwa mkali hivi!” Akatoka nje. Tulimwacha.

Jumatatu, 16 Aprili
Pigo. Kopo la mwisho: picha ipo, ukingo wenye sauti umeoza wote. Na ndipo Bi-kiau, kwenye filamu, anapomuaga mwanawe stesheni! Pale pale alipolia Mama.

A-piau anataka kompyuta iige sauti ya Bi-kiau, imtungie maneno. Eti tutatafsiri yale ya Kimandarini, nani atajua?

“Mimi nitajua,” nikamwambia.

“Basi tuwaonyeshe picha bubu, Mwalimu? Watu watoke nyumbani kuja kuangalia midomo?”

Tulirushiana maneno mpaka uji wa samaki ukapoa. Siu-lan akaenda kumuuliza mama yake. Bi-kiau aligusa kitambaa cha shingoni, midomo ikasema: pabaki palivyo.

A-piau kaondoka bila kuniaga.

Jumamosi, 5 Mei
Naandika uani mwa hekalu, karatasi gotini, kwa mwanga wa taa za madhabahuni. Lazima niandike sasa hivi!

Viti vimejaa; A-piau kaja, yuko mashineni. Sauti yake ilipotoka, wazee walipiga makofi kama kapanda jukwaani. Bi-kiau yuko mbele, macho kafumba muda wote.

Kisha stesheni. Kimya. Mashine tu inavuma. Nikajua nimeiharibu, A-piau alikuwa sahihi. Mtu akakohoa.

Ndipo bibi mmoja nyuma yangu, muuza samaki, akaisemea picha: “Nenda, usigeuke. Ukigeuka sitakuachia.”

“Wewe nawe!” mzee akadakia. “Hakusema hivyo. Alisema, ‘Ukishiba huko, nikumbuke mimi.’”

“Ulikuwa chooni wewe!”

Kicheko. Wengine wakaingilia, kila mmoja na lake, kila mmoja anaapa. Na mimi nimesimama — nilishtukia nimesimama — nasema lile ambalo Mama alikuwa akilirudia jikoni: “Kofia yako, mwanangu, upepo.” Watu wananigeukia. A-piau kasimamisha picha. Ananitazama kule mashineni, anacheka, anafuta macho.

“Dada, tuamulie basi!” muuza samaki anamwita Bi-kiau.

Ameinuka. Siu-lan anammulika uso kwa tochi ya simu. Midomo inacheza, haraka mno. “Polepole, Mama. Polepole.”

Siu-lan anaitazama midomo ile, kinywa chake mwenyewe kinaanza kuifuata, na sauti inayomtoka ni nzito kidogo, ya puani —