Mlinzi wa Maji wa Stamen Velchev

Mwaka umetimia leo, Stamen, tangu ulipotutoka ghafla, viatu vya kazini vikiwa bado miguuni. Kwa desturi yetu ya kuwakumbuka marehemu, picha yako tumeibandika mlangoni, na ngano tumeichemsha kwa sukari nyingi, kama ulivyopenda.

Ulikuwa mtu wa utani na huruma. Jirani akifungiwa nje, wewe ndiye uliyepanda dirishani, ukimcheka huku unamfungulia. Mkeo Ginka bado anatoa vikombe viwili vya kahawa, kisha kimoja anakirudisha kabatini.

Na yule mlinzi wako, programu uliyoiweka ndani ya kompyuta ya mitambo ya maji ya mji! Hukumpa orodha ya sumu. Ulimtengeneza kwa kuiga damu inavyojilinda na magonjwa: alijifunza maji yetu yalivyo, na chochote kingine akakiona mgeni, akafunga bomba. "Kusoma hajui," ulikuwa ukisema, "ila wa nyumbani anawajua kuliko mama mkwe wangu." Kila Ijumaa ulimwonjesha sampuli mpya za maji, asije akayaona maji ya theluji kuwa adui. Kazi hiyo hukumfundisha mtu. Ulidhani muda upo.

Aprili theluji ilipoyeyuka, mlinzi alifunga maji ya mji mzima toka alfajiri hadi adhuhuri. Binti yako Zlatina, anayekalia kiti chako siku hizi, alipeleka maji maabarani. Wakasema ni safi. Akapima mwenyewe, safi. Mlinzi akakataa kufungua.

Mkuu wa mitambo akamwambia, "Dada, mzee wako hayupo, na mashine yake imechanganyikiwa. Izime."

"Na kama imeona kitu ambacho sisi hatukipimi?"

"Kitu gani? Nitajie."

Zlatina akasoma tena karatasi ya maabara. Kisha akaizima.

Maji yanatoka, na hakuna aliyeugua. Lakini Zlatina anaogopa, Stamen, na hofu yake imetuingia sote. Kila asubuhi hunywa glasi ya kwanza peke yake, kisha hukaa mezani akiitazama saa. Mjukuu wako Ralitsa, wa miaka mitano, husimama kando yake na kikombe kitupu.

"Mama, hujaumwa? Sasa ninywe?"

Tunaokukumbuka ni mkeo Ginka, binti yako Zlatina, mjukuu wako Ralitsa na dada yako Tsonka. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.